Muhuri, Funguo na Choo cha Walimu

Mwaka 2013, nilipopewa kazi ya kuwa prefe wa masomo, yaani mkuu, wa shule ya sekondari katika komuni ya Katuba, mjini Lubumbashi, prefe aliyenitangulia alinikabidhi vitu viwili mbele ya walimu wote: shada la funguo kumi na moja, na muhuri wa shule uliofungwa ndani ya kitambaa cha kijani. Kwa miaka mitano vitu hivyo havikuachana nami. Funguo nilizifunga kiunoni chini ya kitenge, na muhuri ulikaa ndani ya mkoba nilioubeba hata kanisani na hata kwenye vilio (misiba) vya majirani, kwa hofu kwamba ningeuacha nyumbani siku moja tu mtu angetengeneza cheti cha uongo. Walimu waliniheshimu kwa uangalifu huo, nami nilijivunia, wala sikufikiri kwamba mzigo unaobebwa kiunoni na mkononi unaweza kufika moyoni.

Shule yetu ina zamu mbili. Ya asubuhi huanza saa moja na nusu, ya mchana humalizika saa kumi na moja na nusu jioni, na mimi nilikuwapo mwanzoni mwa ile na mwishoni mwa hii, kwa kuwa mwenye funguo ndiye anayefungua na ndiye anayefunga. Katikati walikuja wazazi wenye habari za minervali (karo ya shule), walimu wenye kudai, wanafunzi waliofukuzwa darasani, inspekta aliyefika bila taarifa, na ripoti ambazo ofisi ya elimu ilizitaka leo kana kwamba ilikuwa imeziomba tangu mwaka jana. Nilikunywa chai yenye sukari nyingi nikiwa nimesimama, pamoja na mikate miwili ya mafuta niliyonunuliwa kwa mama anayeuza langoni, na baada ya hapo sikula kitu hadi saa mbili usiku, nilipokaa mbele ya bukari, yaani ugali, na makayabu, samaki wakavu wa chumvi, na kula kama mtu aliyetoka kulima.

Maji sikunywa kabisa. Hili ndilo jambo ambalo nililiona dogo kuliko yote, na ndilo nililolificha kwa muda mrefu zaidi. Choo cha walimu kilikuwa nyuma ya darasa la mwisho, kikiwa na mlango usiofungika kwa ndani, na ili kukifikia ilinibidi nivuke uwanja wote mbele ya wanafunzi zaidi ya mia tano ambao wangejua kwa hakika Mama Prefe anakwenda wapi. Kwa hiyo nilijizoeza. Tangu alfajiri hadi jioni sikuweka maji kinywani, na jioni mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai. Kichwa kilipouma nililaumu kelele za wanafunzi.

Mwezi wa tatu wa mwaka 2018, siku ya Jumamosi, wanafunzi wa uuguzi walikuja shuleni kuwapima wazazi tansio, kama tunavyoliita shinikizo la damu hapa kwetu. Akina baba walisita. Mmoja alisema hakuja kutafuta ugonjwa, amekuja kulipa minervali. Nilikaa kwenye kiti ili niwape mfano, na kijana aliyevaa koti jeupe akanifunga kile kitambaa mkononi, akapuliza, akatazama, akapuliza tena bila kusema neno. Kisha akaandika 178 juu ya 104. Nilimweleza kwamba nilikuwa nimetoka kupanda ngazi, nilikuwa nimegombana na muuza chaki, na sikulala vizuri. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: «Mama Prefe, samahani, tupime upya. Mukae dakika tano, muegemeze mgongo, miguu yote miwili iguse chini, mkono ulale mezani usawa wa moyo, na musizungumze.» Kutozungumza kwa dakika tano katika uwanja wa shule yangu mwenyewe kulinishinda kuliko ngazi zote. Mara ya pili ilisoma 174 juu ya 102.

Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba mtu mwenye tansio hujijua. Nilidhani lazima aone kizunguzungu, atokwe jasho, moyo umpige kwa nguvu. Daktari aliyenipokea wiki iliyofuata alinivunjia dhana hiyo kwa utulivu: kwa watu wengi ugonjwa huu hauna dalili yoyote kwa miaka, na katika miaka hiyo yote damu inayosukumwa kwa nguvu kupita kiasi inachakaza mishipa ya figo, ya macho, ya moyo na ya ubongo kidogo kidogo. Alinieleza kwamba kwa mtu mzima, vipimo vikirudia kuonyesha 140 juu ya 90 au zaidi katika siku mbalimbali, hapo ndipo wanaposema ana shinikizo la juu la damu. Nilipokuwa nikimsikiliza nilimkumbuka prefe mwenzetu wa komuni jirani, aliyeanguka mbele ya darasa akapooza upande wa kulia na kufariki siku ya nne. Kwenye kilio chake tulikaa usiku mzima tukinong'ona nani alimroga, maana alikuwa na maadui katika kugombea cheo. Hata mimi nilinong'ona, mimi niliyesoma biolojia chuoni. Hakuna aliyeuliza kama mwenzetu yule aliwahi kupimwa tansio hata mara moja.

Nilipimwa mkojo, sukari na figo, nikatazamwa macho. Figo zilikuwa bado salama. Nilipewa vidonge vya aina mbili, amlodipini na kidonge cha kutoa maji mwilini, na cha pili nilitakiwa kukimeza asubuhi ili kisinisumbue usiku. Daktari alisisitiza kwamba dawa hizi zinalidhibiti shinikizo zinapomezwa, na zikiachwa linarudi, kwa hiyo kujisikia vizuri si ruhusa ya kuziacha. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema anayekaa dawati la mbele.

Sasa msomaji ameshaona mtego ulipokuwa. Mwanamke ambaye kwa miaka mitano hakwenda chooni akiwa kazini alipewa kidonge kinachompeleka chooni mara nne kabla ya saa sita mchana. Siku ya kwanza nilivuka uwanja mara mbili, na mara ya pili nilisikia kicheko kutoka dirisha la darasa la tatu. Huenda walicheka jambo jingine, lakini kwangu ilitosha. Nilianza kukimeza kidonge hicho siku za Jumamosi na Jumapili tu. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaharibu ratiba, na kile kingine nikawa nakimeza ninapokumbuka. Nilipomrudia daktari nilimwambia kwamba nameza kila siku. Nimewaadhibu watoto wengi kwa uongo mdogo kuliko huo.

Mwezi wa sita ukafika na baridi yake ya Lubumbashi, ile ya kiangazi inayofanya watoto waje shuleni wamevaa sweta mbili, na pamoja nao ukafika msimu ambao kila prefe wa Kongo anaujua: mitihani ya mwisho wa mwaka, maandalizi ya wanafunzi wa darasa la sita kwa Mtihani wa Taifa, deliberasio (vikao vya walimu vya kuamua nani amepita) zinazoendelea hadi usiku, wazazi wanaokuja na maombi ambayo hayasemwi kwa sauti. Nililala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, na baadhi ya usiku sikulala. Siku ya proklamasio, yaani kutangaza matokeo, mwanzoni mwa mwezi wa saba, nilisimama mbele ya wazazi nikiwa na orodha mkononi na majina yakawa yanaogelea. Niliona mistari miwili mahali pa mmoja. Nilisoma jina moja, nikanyamaza, na mkurugenzi wa masomo akaichukua karatasi mkononi mwangu kana kwamba tulikuwa tumepanga hivyo. Hospitalini kipimo kilisoma 212 juu ya 124, wakanilaza.

Jambo ninalolikumbuka zaidi katika siku hizo mbili za wadini linahusu muhuri. Proklamasio ilikuwa imeendelea vizuri bila mimi, majina yote yalisomwa, wazazi walipiga vigelegele, lakini buleteni (ripoti za alama za wanafunzi) hazikuweza kutolewa kwa kuwa hazikuwa na muhuri, na muhuri ulikuwa ndani ya mkoba wangu chini ya kitanda cha hospitali. Asubuhi ya pili walikuja watu watatu, karani, mhasibu na mwalimu mmoja, wamebeba maboksi mawili ya buleteni. Walisimama kwa aibu wakaniuliza hali, wakaniombea, kisha wakatazama mkoba. Niliketi kitandani nikiwa na sindano mkononi nikaanza kupiga muhuri, buleteni moja baada ya nyingine, karani akinigeuzia kurasa. Tulikuwa tumefika kama ya sitini muuguzi mkuu alipoingia. Alikuwa mama wa umri wangu. Alituangalia, akayafunga maboksi, akasema: «Mama, hapa ni wadi, si biro. Huo muhuri muwape, ama muwape leo, ama watauchukua kwenye kilio chenu.» Kisha akatoka. Nilikasirika sana, na nadhani hasira ile ilipandisha namba mbili au tatu. Lakini wale watatu walipoondoka walikuwa na muhuri.

Nilipopona nilianza na choo. Watu hushangaa ninapolisema hili, kwa maana wanategemea nianze na mboga na mazoezi. Nilikwenda mbele ya komite ya wazazi, nikawaeleza kwamba nataka kitasa cha ndani, mlango mpya, pipa la maji na sabuni katika choo cha walimu, pamoja na njia ya kukifikia kwa nyuma ya ofisi bila kuvuka uwanja. Baba mmoja aliuliza kama hilo ndilo jambo la haraka wakati madirisha ya darasa la pili hayana vioo. Sikuwa na jibu zuri, kwa hiyo niliwaambia ukweli, kwamba nilianguka mbele yao kwa sababu niliona aibu kwenda chooni. Kulikuwa na ukimya, kisha mama mmoja nyuma akasema, «Tunaelewa,» na fedha zikapatikana.

Kabla ya fundi kuja niliwaita walimu wanawake saba tulionao, nikawauliza wanakunywa maji kiasi gani wakiwa kazini. Walitazamana. Watano kati yao walikuwa wakifanya kama mimi. Mmoja alikuwa na mimba ya miezi mitano na alikuwa ameshatibiwa maambukizi ya njia ya mkojo mara mbili mwaka huo bila kumwambia mtu shuleni. Nilikaa na jambo hilo kwa siku kadhaa, kwa kuwa lilinipeleka kwenye swali nililokuwa sijaliuliza katika miaka yote mitano: na wasichana? Nilipomtuma mwalimu wa kike azungumze nao, alirudi na habari ambazo ningeweza kuzikisia. Vyoo vyao navyo havikufungika. Wakubwa walikuwa wanabaki nyumbani siku za hedhi. Rejista ya mahudhurio, niliyoitia saini kila mwezi, ilikuwa imeyaandika hayo yote kwa miaka, nami niliyasoma kama utoro. Vyoo vya wasichana vilichukua mwaka mzima zaidi kutengenezwa, kwa sababu fedha ya pili haikupatikana kirahisi kama ya kwanza, na hadi leo maji ya bomba yakikatika tunategemea madumu.

Baada ya choo nilianza kumeza dawa zangu kila asubuhi, vidonge vyote viwili, na kunywa maji. Nilirudi kwa daktari nikamkiri uongo wangu. Aliniambia jambo ambalo natamani angelisema mwanzoni, kwamba kidonge kisipoendana na kazi ya mtu, mtu huyo aseme, maana ziko aina nyingine, na daktari hawezi kubadilisha asichokijua. Amlodipini ilinivimbisha vifundo vya miguu kwa muda, akapunguza kipimo na kuongeza dawa nyingine.

Muhuri sikuuchukua tena nyumbani. Unakaa ofisini kwa karani ndani ya kasha lenye kufuli, pamoja na daftari ambamo kila anayeutumia anaandika tarehe, aina ya karatasi na idadi. Saini inabaki yangu, kwa maana mbele ya Serikali mimi ndiye ninayejibu, lakini mkono unaopiga muhuri si lazima uwe wangu. Katika mwaka wa kwanza cheti kimoja kilipigwa muhuri kichwa chini miguu juu. Tulikiandika upya. Funguo nazo niligawa: za maabara kwa mwalimu wa kemia, za maktaba kwa anayeisimamia, za lango kwa mlinzi, ambaye kumbe alikuwa akifika saa kumi na moja alfajiri kila siku na kunisubiri nje kwenye baridi. Ufunguo mmoja ulipotea. Tulibadilisha kufuli kwa bei ya soda chache, na mimi niliyekuwa nimebeba hofu ya jambo hilo kwa miaka mitano nilibaki nikiitazama kufuli mpya kwa mshangao.

Kutembea kulikuja baadaye, na kulinigharimu heshima kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kutoka nyumbani kwangu hadi shuleni ni mwendo wa dakika thelathini hivi, kwenye ardhi tambarare, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: siku tano, kwenda tu, na jioni nirudi kwa gari. Lakini katika mji wetu mkubwa wa shule hatembei kwa miguu. Wiki ya kwanza niliulizwa na watu wasiopungua kumi: «Mama Prefe, motokari imekufa?» Mwalimu mmoja alieneza habari kwamba nimesimamishwa kazi. Mzazi mmoja alisimamisha gari lake, akanifungulia mlango, na nilipokataa alichukia kwa dhati. Iliwachukua watu hadi Krismasi kuzoea. Siku hizi wanafunzi wa mtaa wetu wananisubiri kwenye kona tunakwenda pamoja, na katika nusu saa ile ninajifunza kuhusu shule yangu mambo ambayo ofisi haikuwahi kunieleza. Mwezi wa kumi na moja mvua zinapoanza, ninabeba mwavuli na viatu vya kubadilisha, na siku za radi napanda gari.

Kuhusu chakula sina mengi. Chumvi inayoshauriwa haizidi gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na hapo zimo pia zile zilizojificha katika kube za mchuzi na katika makayabu. Tulipoanza kuyaloweka makayabu usiku kucha na kumwaga maji mara tatu, mume wangu alilalamika kwamba anakula samaki asiye na habari. Sasa tunayala mara moja kwa mwezi, na siku nyingine ni lengalenga, matembele, maharage, ndagala wasio na chumvi, na bukari ileile ya siku zote kwa kiasi kidogo zaidi. Shuleni nabeba viazi vitamu vya kuchemsha na karanga, nakula saa nne, nimekaa, mlango umefungwa. Mlango huo uliofungwa kwa robo saa ulizua malalamiko zaidi ya vioo vya darasa la pili.

Vilio vimenishinda. Prefe anatarajiwa kuonekana kwenye kila msiba wa mwalimu, wa mzazi, wa mwanafunzi, na kuonekana maana yake ni kukesha. Nilijaribu kwenda jioni na kurudi saa tatu, na familia moja ilinihesabia jambo hilo kwa mwaka mzima. Kwa wale wa karibu bado nakesha, kesho yake nafika shuleni saa nne, na mkurugenzi wa masomo anafungua siku bila mimi.

Na usingizi katika mwezi wa sita bado ni ule ule. Simu naizima saa tatu usiku, wazazi wameshajua, lakini kichwa hakina kitufe. Mwaka jana, usiku wa deliberasio ya darasa la sita, niliamka saa nane nikiwa nahesabu alama za mtoto mmoja aliyekosa mbili tu, nikakaa sebuleni gizani na kipimo changu cha mkononi. Nilisubiri dakika tano, miguu ikigusa sakafu, bila kusema neno. Kilisoma 146 juu ya 91. Niliiandika kwenye daftari la daktari pamoja na saa, na mume wangu, mstaafu wa reli anayelala kama gogo, akaniita kutoka chumbani kuuliza kama yule mtoto amepita.

«Bado,» nilimjibu. «Tunakutana saa mbili.»